Skana Niliyomnunulia Senge

Nilinunua skana kwa hasira, na sitaki mtu anipambie jambo hilo. Watu wengine hununua mashine hizi kwa sababu wanazipenda familia zao. Mimi nilinunua yangu kwa sababu ya mwanamke mmoja, dada ya baba yangu, ambaye kwetu huitwa senge, na kwa sababu ya mkasi wake.

Mkasi ule nauona mpaka leo. Ulikuwa wa fundi cherehani, mzito, wenye mpini mweusi. Nilikuwa na miaka minane. Matanga ya baba yalikuwa yamekwisha, hapo nyumbani kwetu Busibwabo, na mama yangu alikuwa amekataa kurithiwa na shemeji yake. Alikataa mbele ya wazee, kwa sauti ya chini, mara moja tu, akaketi. Kesho yake senge aliteremsha picha zote za ukutani, akazipanga kwenye meza ya sebuleni, akaanza kumkata mama. Hakuzichana. Alikata polepole, ncha ya ulimi ikiwa imetoka pembeni mwa mdomo, kama anakata kitambaa cha mteja. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Aliniona, na hakuacha.

Picha ya harusi ndiyo iliyomsumbua. Ndani yake mama alikuwa amemshika baba mkono, na huwezi kuvitoa vidole vya mama bila kukata shati la baba. Senge aligeuza ile picha huku na huku, mwisho akaviacha vidole. Baba akarudishwa ukutani peke yake, vidole vinne visivyo na mwenyewe vikiwa vimeshika shati lake.

Siku hiyo hiyo tulifukuzwa. Lakini senge alifanya kosa moja, na kosa hilo ndilo lililonilea. Baba alikuwa afisa wa pamba. Alizunguka Busia nzima akiwafundisha wakulima habari za wadudu, na kwa kazi hiyo alikuwa na sanduku la bati lililojaa slaidi, vile vipicha vidogo vya rangi vilivyoshikwa na fremu za karatasi ngumu, ambavyo huonyeshwa ukutani kwa taa. Senge alilifungua lile sanduku, akainua slaidi mbili tatu dirishani. Akaona kiwavi. Akaona kiwavi mwingine.

"Hizi wadudu za serikali mtupe huko nje," akasema.

Hakufika chini ya sanduku. Chini ya viwavi, ndani ya bahasha ya kaki, ndiko baba alikokuwa ameweka negativu za harusi, zile filamu ambazo picha huchapwa kutokana nazo. Mpiga picha aliyezipiga alikuwa mtu wa kuzunguka na baiskeli, na baba alimwomba amwachie ili siku moja atengeneze picha nyingine. Mama aliliokota sanduku jalalani nyuma ya jiko, akalifunga ndani ya leso pamoja na nguo zangu, tukaenda Malaba.

Tumekaa Malaba tangu siku hiyo, nyumba moja ya kupanga baada ya nyingine. Nilipokuwa shule ya msingi, jua lilipatwa, na watoto wa ploti tuliyopanga walitafuta negativu za kulitazamia. Nikaiba moja kwenye bahasha. Mama aliponikuta uani nimeinua harusi yake angani, alinichapa kofi moja, la kwanza na la mwisho maishani mwake. Baadaye aliniketisha akanieleza nani ni nani kwenye ile filamu. Huyu baba yako. Huyu mimi. Na huyu aliyeshika kikapu ni senge wako.

"Yeye mwenyewe ndiye alinipokea kikapu mlangoni," alisema. Hadithi ya kikapu nimeisikia mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Kila mara niliisikia kwa namna moja: kwamba yule mwanamke alimpokea mama kwa mikono miwili halafu akamkata. Sikuwahi kuisikia kwa namna nyingine, na hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Sasa mama ni mzee. Macho yake yana ukungu, na moyo wake daktari anausikiliza huku amekunja uso. Hana anachotaka isipokuwa kitu kimoja: kuzikwa kando ya baba. Kwetu mke huzikwa kwenye boma la mumewe, na mwanamke ambaye ukoo unasema hakuolewa, kama unavyosema juu ya mama tangu siku ile ya mkasi, hutafutiwa pa kulazwa popote. "Nyumba za kupanga nimekaa," mama huniambia. "Kaburi la kupanga sitaki."

Hivyo ndivyo tulivyokuwa senge aliponipigia simu, baada ya miaka mingi ya kimya. Familia ilitaka kulijengea kaburi la baba kwa simenti na vigae, kufanya ibada ya ukumbusho, na kutoa kijitabu chenye picha. Alikuja mwenyewe ofisini kwangu Malaba, ninapochapa karatasi za malori yanayovuka mpaka. Alikuwa amezeeka. Kichwa chote mvi. Akaweka bahasha mezani bila kukaa.

"Wewe si uko na computer? Tengenezea baba yako kitabu mzuri. Na hii ya harusi, hapa kwa shati kuna vidole ya mtu. Siku hizi najua mnaweza kutoa. Toa."

Nilimtazama. Hakuwa anatania. Alikuwa amenijia miaka yote hiyo baadaye ili nimalizie kazi ambayo mkasi wake ulishindwa.

"Sawa, senge," nikasema. "Nitatoa kila kinachotakiwa kutoka."

Jioni ile sikumwambia mama kitu. Nilitoa bahasha ya kaki kwenye sanduku la viwavi nikaapa nitamrudisha mama yangu kwenye kijitabu kile, akiwa mzima, katikati ya ukurasa wa katikati, na senge amtazame mbele ya watu wote wa Busibwabo.

Nilidhani ni jambo la kubonyeza tu. Ofisini tuna skana ya kumeza karatasi; inameza hati za lori zima kabla dereva hajamaliza chai. Niliilisha kwanza picha iliyokatwa. Magurudumu ya raba yakaivuta, ikakwama, ikatoka na kunjo kifuani mwa baba. Nikamwomba msamaha kwa sauti, mfanyakazi mwenzangu akageuka. Nikahamia kwenye mashine kubwa ya kurudufu, ile ya kioo, nikalaza negativu juu yake. Ilichotoa ni mraba mweusi. Nikarudia. Mweusi.

Ilinibidi nijifunze. Skana ya kawaida humulika karatasi kutoka chini, halafu husoma mwanga unaorudi. Negativu hairudishi mwanga. Inataka mwanga uipenye. Slaidi ni hivyo hivyo. Kwa hiyo niliihitaji skana ya kioo yenye taa ya pili ndani ya kifuniko. Nilijaribu pia njia ya maskini, nikawasha kioo cha laptopu kiwe cheupe, nikaweka negativu juu, nikaipiga picha kwa simu. Vinukta vya kioo vikajaa usoni mwa mama kama ugonjwa wa ngozi. Nikafuta.

Jumamosi nilishuka Busia mjini. Kwenye duka moja la vifaa vya umeme karibu na mpaka, muuzaji alinionyesha kisanduku cheusi kinachotosha kiganjani. Kina tundu ubavuni, unasukuma filamu, picha inatokea papo hapo.

"Dada, hii inamaliza kazi. Negative, slides, zote."

Slaidi ya kiwavi iliingia vizuri kabisa, na kiwavi akatokea mnene, ana afya. Lakini tundu lile lilitengenezewa filamu nyembamba, ya kamera walizotumia watu wa juzi. Negativu za yule wa baiskeli ni za zamani zaidi, mraba, upana wa vidole vitatu na zaidi. Haikuingia. Muuzaji akaitazama, akatazama tundu, akafungua droo.

"Si unakata tu hapa kando kidogo? Itaingia."

Alikuwa ameshika mkasi.

Sijui uso wangu ulikuwaje. Najua tu kwamba aliurudisha mkasi kwenye droo taratibu, akaifunga, akaniuliza kama nitakunywa maji. Nilichukua negativu yangu nikatoka. Mpaka nafika stendi nilikuwa bado nauona mkasi, na aliyeushika hakuwa yule muuzaji maskini.

Tangu hapo sikuonyeshwa mashine, niliihoji. Taa ya kifuniko inafika upana gani, au ni ukanda mwembamba tu wa katikati? Fremu za plastiki za kushikia filamu ziko, na kuna ya filamu pana? Bila fremu, negativu hujikunja na picha hutoka na mawimbi. Nukta ngapi kwa inchi, na ni zile ambazo jicho la mashine linaona kweli au zile inazojibunia? Maana kwenye kasha huandikwa namba kubwa ya kujivunia, na namba ya kweli huwa ndogo, imejificha nyuma. Wauzaji wawili walininunia. Mmoja alidhani nimetumwa na watu wa kodi.

Niliipata kwa mama mmoja mfanyabiashara anayevusha vitu vya mitumba kutoka upande wa Uganda. Skana nzito, ya rangi ya kijivu, imekwaruzwa ubavuni.

"Nyabo, hii ilikuwa ya studio Kampala," akaniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. "Mwenyewe alizeeka, watoto hawataki."

Nikainua kifuniko. Taa pana. Fremu tatu, na ya filamu pana ikiwemo. Nikachungulia kama kioo kina ukungu kwa ndani, kwa sababu ukungu wa ndani huwezi kuupangusa. Kilikuwa safi. Nikaomba umeme, nikaweka ile negativu ya kutazamia jua, yenye mkwaruzo wa dole gumba langu la utotoni. Mstari wa mwanga ukapita polepole. Nilinunua bila kubishana bei, na kwa mtu wa Malaba hiyo ni dalili ya ugonjwa.

Jumapili baada ya kanisa niliketi nayo. Mama alikuwa kibarazani anapepeta mchele kwa mazoea, maana macho hayasaidii. Skana ilikuwa na kitufe cha kufuta vumbi yenyewe, nikakiwasha. Kitufe hicho ni kizuri kwa filamu ya rangi. Kwa filamu ya zamani ya nyeusi na nyeupe, mashine hushindwa kutofautisha dawa ya filamu na uchafu. Baba akatoka vizuri kiasi. Mama akatoka hana macho wala mdomo. Mashine ilikuwa imemwona ni vumbi.

Nilicheka kicheko kibaya. Nikasema hata hii imetumwa na senge. Kisha nikazima kitufe, nikapuliza filamu kwa pampu ya mpira, nikachagua nukta nyingi kabisa za kweli, nikarudia.

Basi, akatokea. Mama yangu, msichana wa miaka ishirini, gauni jeupe la kushonwa nyumbani, pini kwenye kola, jino moja limepanda juu ya lingine. Vidole vinne vile vikapata mkono, mkono ukapata bega, bega likapata uso. Nililia pale mezani, na sikuona haya. Na kando ya mama, akiwa na kikapu mikononi, alisimama senge, kigori, anacheka kwa meno yote. Alikuwa anampenda. Ilionekana wazi kwamba alikuwa anampenda, na hilo ndilo lililonichemsha zaidi.

Ningeweza kuishia hapo. Picha ilikuwa kamili, na kuishia hapo kungetosha. Lakini nilikuwa na mtoto wa miaka minane ndani yangu, bado amesimama mlangoni, na yeye hakuwa amepata chake. Nikafungua programu ya kusafishia picha. Nikamzungushia senge mstari, polepole, kwa makini, mpaka nikagundua kwamba na mimi nimetoa ncha ya ulimi. Nikabonyeza. Akaondoka. Nikachukua migomba iliyokuwa nyuma yao nikaipanda mahali pake, na kazi ilitoka safi hivi kwamba hakuna ambaye angejua palikuwa na mtu. Kisha nikapitia picha nyingine zote za kijitabu. Nikaacha wajomba, binamu, majirani, hata ng'ombe wa baba. Yeye nikamtoa kote.

Mama sikumwonyesha. Nilitaka aje aone siku yenyewe. Nilimwambia tu, "Umo kwenye kitabu, mama. Picha ya harusi, ukurasa wa katikati." Akanishika mashavu, akasema sasa hawana la kusema.

Siku ya ukumbusho tulikaa kwenye hema la wageni. Kaburi la baba lilikuwa linameta kwa vigae vyeupe, na kando yake palikuwa na nafasi ya majani, upana wa kaburi jingine. Vijitabu vikagawanywa. Nikamtafuta senge kwa macho. Alivaa miwani, akalamba kidole, akafungua. Katikati akakaa kidogo. Kisha akaenda mbele, akarudi nyuma, akalamba kidole tena, akaanza upya, ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa anajitafuta. Alipomaliza mara ya pili aliinua uso, akanitafuta mimi, akanipata. Nikatabasamu. Nilikuwa nimeingoja sura ile tangu utotoni, na sitadanganya, ilikuwa tamu.

Baada ya ibada, mzee anayeongoza ukoo aliita wanafamilia nyuma ya nyumba, kwa sababu kijitabu kilikuwa kimeandika "mke wake" chini ya picha ya mama. Mama akasimama mwenyewe, akasema anaomba nafasi yake kando ya mumewe.

"Mama, hatukatai uliishi hapa," mzee akasema. "Lakini kuishi na kuolewa ni vitu mbili. Mtu anaweza kupiga picha na mwanaume popote. Mimi wakati huo nilikuwa kazi mbali, na wazee waliokuwepo wamekufa. Nani alikupokea kikapu?"

Hapo ndipo nilipoielewa hadithi ya mama. Kwetu bibi arusi huja na kikapu, na dada ya mume ndiye hukipokea mlangoni. Dada huyo ndiye shahidi wa ndoa mpaka kufa. Harusi yao ilikuwa ya nyumbani, haikuwa na cheti. Kikapu ndicho kilikuwa cheti.

Mama hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akanyoosha mkono kuelekea kwa senge.

"Ni huyu. Fungua kitabu, mzee. Yuko hapo kando yangu, ameshika."

Mzee akafungua. Akasogeza kijitabu mbali na macho, akakisogeza karibu.

"Mama, hapa kuna migomba."

Mama akanigeukia. Macho yake hayaoni vizuri, lakini yalinipata. "Umeweka picha gani?"

Nilitoa simu haraka, nikaonyesha picha nzima kabla sijaigusa. Senge naye akaja kutazama. Akacheka, na ni kicheko kile kile cha meno yote.

"Mmeona? Asubuhi alinitoa, saa hii amenirudisha. Hiyo mashine yake inaweka mtu na inatoa mtu vile anataka. Kesho ataweka rais. Hata huyo mama yake, mnajuaje alikuwa?"

Watu wakaguna, na walikuwa na haki. Nikafungua mkoba, nikatoa bahasha ya kaki, nikampa mzee negativu yenyewe. Kwenye hii hakuna awezaye kumtoa mtu, nikamwambia. Akaiinua juani kwa ncha za vidole, kama nilivyofanya mimi siku ile uani.

"Naona watatu," akasema. "Wa mwisho ameshika kitu. Lakini nguo nyeupe hapa ni nyeusi, na hawa wote wana mvi. Siwezi kuapa huyu ni nani." Akamkabidhi senge. "Angalia wewe. Ni wewe?"

Senge akavaa miwani. Akainua filamu angani, akakaa nayo muda mrefu. Mvi zake na mvi za yule msichana wa kwenye filamu zilikuwa zimefanana kabisa. Nikadhani atasema. Kisha akashusha mkono, akanirudishia mimi, si mzee.

"Mimi simo," akasema. "Muulizeni huyu. Ndiye alinitoa."

Mzee akaamua kwamba nafasi ile isizikwe mtu mwingine, na mama asipimiwe hapo, mpaka dada ya marehemu aseme. Ndivyo ilivyo hadi leo.

Tulipofika Malaba, nikiwa namvua mama viatu, akasema, bila hasira yoyote, "Yeye alijua anakata nini."

Nimetengeneza picha nyingine, nzima, na fremu yake, nikampelekea senge nyumbani kwake. Aliipokea. Nasikia ameiweka chumbani, si sebuleni. Skana naitumia kila Jumapili, negativu moja baada ya nyingine, na kila senge anapotokea namwacha alivyo, na vumbi lake.

Mwezi jana niliambiwa presha ya senge imepanda. Nilipanda gari asubuhi ile ile nikampelekea dawa, nikamsimamia mpaka akameza. Bado namchukia. Lakini kanisani siku hizi namtaja yeye kabla ya mama yangu mwenyewe. Namwombea miaka mingi, kuliko ninavyomwombea mtu mwingine yeyote duniani, kwa sababu akifa kabla hajasema, mama yangu atalala kwenye kaburi la kupanga, na aliyemweka huko nitakuwa mimi.